Semi ya mifuko 600 inashushwa kwa muda gani? Mwongozo kamili kwa wenye stoo Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Ukimuuliza nyapara wa genge lolote la kushusha mizigo pale Uyole au Mwanjelwa kwamba semi ya saruji itachukua muda gani, atakujibu hata kabla hujamaliza swali: "Saa moja na nusu tu bosi, gari tupu." Dereva wa semi hiyo hiyo atakwambia safari iliyopita alikaa kwenye geti la mtu toka asubuhi hadi alasiri. Hakuna anayedanganya. Nyapara anahesabu kubeba peke yake, tena kubeba kwa nusu ya kwanza, vijana wakiwa bado na nguvu. Dereva anahesabu toka alipozima injini hadi alipokabidhiwa karatasi zake zikiwa na saini na muhuri. Wewe mwenye stoo inakubidi uzijue saa zote mbili kwa sababu zote zinakugharimu: ya kwanza unawalipa vijana, ya pili unaweza kudaiwa na mwenye gari likilala kwako.

Haya nayaandika kwa mtu mwenye stoo ya saruji, pembejeo, nafaka au bidhaa za jumla, kuanzia Iringa hadi Tunduma, ambaye hana foklifti. Mwenye nayo nimemwekea maneno machache kwenye sehemu ya kontena.

Hesabu vipande, achana na tani

Semi nyingi zinazokuja huku kutoka Dar es Salaam hushusha tani 30 hivi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka ukomo wa juu kabisa wa tani 56 kwa gari na mzigo wake kwa pamoja, na gari lenye ekseli chache ukomo wake uko chini ya hapo. Ukitoa uzito wa kichwa na tela, kinachobaki ndicho hicho. Lakini tani hazibebwi begani. Kinachobebwa ni mfuko, na kila mfuko una safari yake ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo cha kwanza geuza tani kuwa vipande: tani 30 za saruji, au za mbolea kama DAP, Urea na CAN, kwa mifuko ya kilo 50 ni mifuko 600. Mahindi kwa magunia ya kilo 100 ni magunia 300. Mbolea ya mifuko ya kilo 25 ni mifuko 1,200, na hapo wengi hudhani wepesi wa mfuko utawaokoa muda. Hautawaokoa sana, labda vijana wachukue miwili miwili, jambo ambalo watalifanya wenyewe kama malipo ni kwa mfuko.

Cha pili, uliza ni gari la namna gani. Tela la wazi lenye bodi za pembeni zinazoshuka ni tofauti kabisa na kontena lenye mlango mmoja nyuma. Mzigo ule ule, vijana wale wale, lakini la kwanza unaweza kulishambulia pande mbili na la pili huwezi. Liulize hili siku ya kuagiza.

Dereva akupigie kutoka wapi

Kwa aliyeko Mbeya mjini, dereva apige simu akiwa Makambako, kilometa 170 hivi kabla hajafika, kisha apige tena akiwa Chimala. Ile ya Chimala ndiyo ya kumwamsha nyapara. Usisahau kuweka akiba ya muda kwa foleni ya kutoka Uyole hadi Mafiati, hasa kukiwa na ujenzi wa barabara. Kwa aliyeko Iringa, simu muhimu ni ile ya chini ya Kitonga kabla gari halijaanza kupanda; lori moja likilala kwenye kona kule juu, ratiba yako yote imelala nalo.

Ukiwaita vijana mapema mno utawalipa kwa kukaa au watakutoroka. Kijana aliyeitwa saa 1 asubuhi, saa 5 bado anaangalia barabara, akisikia kuna gari la viazi limeingia sokoni anaondoka, na ana haki ya kuondoka.

Stoo iandaliwe kabla gari halijatokea

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na ni muda ambao hauna sababu ya kupotea. Gari limeshafika, turubai limeshafunguliwa, halafu ndiyo mtu anaanza kusogeza mabati ya mteja aliyelipia wiki iliyopita ili kupata nafasi. Vijana wanakaa chini. Dereva anaanza kupiga simu kwa bosi wake.

Fanya hesabu ya sakafu jana yake. Saruji haipendi kupangwa zaidi ya mifuko kumi kwenda juu, maana ya chini hugandamana. Mifuko 600 kwa kumi kumi ni mirundo 60, na mfuko mmoja ukilala unachukua kama theluthi ya mita ya mraba. Unahitaji basi mita za mraba 20 hivi bila kuhesabu njia ya kupita. Chora mipaka kwa chaki sakafuni, tandika paleti au mbao ili mfuko usiguse sakafu, acha nafasi ukutani. Kwa nafaka acha kama mita moja toka ukutani, maana utahitaji kuzunguka rundo wakati wa kupuliza dawa na kukagua panya.

Kisha pima kwa hatua zako umbali kutoka gari litakaposimama hadi katikati ya rundo. Umbali huo uandike. Utaona sasa hivi kwa nini.

Kama stoo yako iko kwenye vichochoro ambako semi haiwezi kurudi nyuma, kubali mapema kwamba gari litasimama barabarani, na ukodi guta au kirikuu ya kuhamisha. Vijana kubeba mfuko mita 60 kupita katikati ya wauza nyanya na bodaboda ni kazi ya siku nzima, na ndipo mifuko inapopasuka au kupotea.

Pengo la mlangoni

Sasa tufike kwenye kiini. Ukitaka kujua gari litaisha saa ngapi, simama mlangoni mwa stoo na simu yako, fungua saa ya kuhesabu, na uhesabu mifuko 20 ikipita. Gawanya muda kwa 20. Hizo sekunde kati ya mfuko mmoja na unaofuata ndizo pengo, na pengo ndilo linaloamua kila kitu. Mifuko 20 ikipita kwa dakika 4, pengo ni sekunde 12. Zidisha kwa 600: sekunde 7,200, yaani saa mbili kamili za kubeba.

Pengo linatokana na nini? Chukua kijana mmoja na umfuate kwa macho. Anasimama chini ya tela, anapokea mfuko begani: sekunde 5. Anatembea mita 20 na kilo 50, mwendo wa kama mita moja kwa sekunde: sekunde 20. Anaweka, na anayepanga ananyoosha: sekunde 12. Anarudi mikono mitupu: 15. Anasubiri kidogo zamu yake: 8. Jumla ni dakika moja. Kwa hiyo wabebaji sita wanakupa mfuko kila sekunde 10, watano kila sekunde 12.

Ukishaiona hesabu hii utatamani kuongeza watu: kumi na wawili basi, tumalize kwa nusu ya muda! Wenye stoo wengi hufanya hivyo, na hawapati kitu. Juu ya tela kuna vijana wawili wanaonyanyua mfuko na kuuweka begani kwa anayepokea. Wapime hao nao. Wakifanya kazi kwa mwendo wanaoweza kuushika kwa saa nzima, jozi moja inatoa mfuko kila sekunde 8 hadi 10. Basi hata ukileta wabebaji ishirini, mfuko hautatoka kwa kasi kuliko hiyo. Watapanga foleni nyuma ya tela wakipiga soga. Mlangoni pengo litabaki sekunde 10, na gari litaisha kwa dakika 100 kama lingeisha kwa wabebaji sita.

Kwa hiyo kabla hujaongeza mtu, tafuta mahali pembamba kuliko pote. Dalili yake ni rahisi: ni pale ambapo watu wamesimama wakisubiri. Wakijikusanya chini ya tela, shida iko juu. Ongeza jozi ya pili ya wanyanyuaji na ufungue bodi ya upande wa pili. Wakijikusanya ndani ya stoo na mifuko mabegani, anayepanga ameelemewa. Mpe msaidizi au anzisha rundo la pili. Wanyanyuaji wakikaa juu ya mifuko wakitazama simu, hapo ndipo wabebaji ni wachache kweli, na sasa ongeza. Ukipata jozi mbili juu, wabebaji kumi na wawili na marundo mawili yanayopangwa kwa pamoja, pengo linashuka hadi sekunde 5 na mifuko 600 inapita kwa dakika 50. Sharti mlango uruhusu wawili kupishana. Mlango unaopitisha mtu mmoja tu unarudisha kila kitu nyuma.

Rudi kwenye umbali ule ulioandika. Gari likisimama mita 60 badala ya 20, mzunguko wa kijana mmoja unapanda hadi sekunde 130 hivi. Wabebaji wale wale sita sasa wanakupa mfuko kila sekunde 22, na mifuko 600 inakula zaidi ya saa tatu na nusu. Mita 40 tu zimeongeza muda zaidi ya maradufu. Ukilazimika, kwa umbali huo ndipo watu kumi na watatu wana maana.

Kuna jambo jingine la tela la wazi ambalo watu hawalioni. Wakifungua nyuma peke yake, mifuko ya kwanza iko ukingoni, inavutwa tu. Lakini wanavyozidi kuingia ndani, wanyanyuaji wanaanza kutembea na mfuko juu ya tela, mita tatu, mita sita, hadi mita kumi. Pengo linakua polepole bila mtu kujua sababu, na wewe unadhani vijana wamezembea. Sakafu ya tela iko zaidi ya mita moja kutoka chini, karibu na bega la mtu, na faida hiyo unaipata ukingoni tu. Fungua bodi ya pembeni ili kila mfuko uwe karibu na ukingo, na ikifika nusu mwombe dereva asogeze gari mbele, sehemu iliyobaki ielekee mlango wa stoo. Dakika tano za kusogeza zinarudi mara nyingi. Kabla hajawasha injini, wote washuke juu ya tela. Wote, pamoja na utingo.

Uchovu unaingia kwenye hesabu

Pengo ulilolipima saa ya kwanza halidumu. Mimi huongeza robo kwa nusu ya pili ya mzigo. Kwa mfano wetu wa sekunde 12: nusu ya kwanza saa moja, nusu ya pili saa moja na robo. Kama kazi imeanza saa 7 mchana badala ya saa 1 asubuhi, au kama vijana wameshashusha gari jingine kabla ya lako, ongeza zaidi.

Ukweli ni kwamba kilo 50 ni nyingi. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa uzito wa juu kabisa ambao mwanamume mzima abebe. Uingereza mwongozo wao kwa mwanamume ni kilo 25. Gunia la mahindi la kilo 100 liko karibu mara mbili ya ukomo wa Shirika la Kazi, na lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, ndiyo kabisa usiiongelee, achilia mbali kwamba Wakala wa Vipimo wanaikamata. Ukinunua mahindi ya kwako mwenyewe, omba yafungwe kilo 50. Gunia la kilo 100 linahitaji wawili kumtwisha mmoja, pengo linakuwa kama sekunde 20, na magunia 300 kwa sekunde 20 ni dakika 100 zile zile za mifuko 600 kwa sekunde 10. Hujaokoa hata dakika, umevunja mgongo wa mtu bure.

Mapumziko yapangwe, yasiibwe. Kila mifuko 150 hivi, dakika kumi za maji. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi yake humfanya mtu asahau kunywa, lakini jasho linatoka vile vile. Na kwa kazi inayovuka saa tano kwa siku, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa moja. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Wenye stoo wakubwa wanayajua haya. Wadogo hujifanya kibarua wa kutwa hahusiki.

Angalia pia wanavyojikinga. Mzoefu wa saruji anachukua gunia tupu, anasukuma kona moja ndani ya nyingine, linakuwa kofia ndefu inayofunika kichwa, shingo na mgongo. Vumbi la saruji likikutana na jasho linaunguza ngozi, na kofia ile ndiyo inayomwezesha kufika mfuko wa 100 bila kusimama kujikuna. Weka magunia safi kumi ya kazi hiyo pembeni, na barakoa. Kwa wanaobeba kichwani, ngata.

Makubaliano na nyapara

Ongea na nyapara kabla turubai halijafunguliwa, na mambo matatu yaeleweke: bei kwa mfuko, idadi ya watu, na kama kupanga ndani kumo kwenye bei. Hilo la tatu ndilo chanzo cha ugomvi. Vijana wanasema kushusha ni kufikisha mlangoni. Wewe ulidhani ni hadi juu ya rundo. Rundo likivuka urefu wa bega, kupanga kunahitaji ngazi ya mifuko na mtu wa ziada juu, na hilo ni haki lilipiwe.

Kulipa kwa mfuko kunaleta kasi, kulipa kwa siku kunaleta utulivu. Kwa saruji na mbolea mimi ni mtu wa kulipa kwa mfuko, kwa sharti kwamba mfuko uliotupwa ukapasuka hauhesabiwi. Kwa vigae, vioo na vinywaji vya chupa nalipa kwa siku, maana haraka hapo inakuja na hasara. Na jua mapema nani anatoa hela ya kushusha: wewe, aliyekuuzia, au mwenye gari. Iwe imeandikwa kwenye oda.

Karani mmoja anayehesabu asifanye kazi nyingine yoyote. Akae mlangoni, achore mistari minne na wa tano ukikata, kwenye karatasi ngumu. Kwa malipo ya kila mtu kivyake, ampe kila anayepita kizibo kimoja cha soda. Jioni vizibo vikihesabiwa lazima vilingane na mistari. Utingo naye ahesabu juu ya gari. Kila mifuko 100 wapaaze sauti na kulinganisha. Kulinganisha kunachukua nusu dakika. Kutafuta mifuko mitatu iliyopotea wakati gari limeshakwisha kunachukua saa nzima, na mara nyingi kunaishia kwenye kuhesabu rundo upya.

Nafaka: mizani ndiyo inayokula muda

Mahindi na mpunga vina jambo ambalo saruji haina: lazima upime na ukague. Kuchoma gunia kwa bambo, kile kifaa cha kutolea sampuli, na kuangalia unyevu na wadudu ni sekunde chache, lakini kupima gunia moja moja kwenye mizani ya sakafuni ni kama sekunde 35 ukijumlisha kuweka, kusubiri namba itulie, kuandika na kutoa. Magunia 300 hapo ni karibu saa tatu, na mizani inakuwa ndiyo mahali pembamba kuliko pote hata ungekuwa na genge la watu thelathini.

Ukiwa na mizani ya jukwaa inayobeba magunia matano kwa pamoja, kila kundi likichukua dakika moja na nusu, makundi 60 yanaisha kwa dakika 90. Au pitisha gari zima kwenye mizani ya magari likiwa na mzigo, lirudi likiwa tupu, halafu upime gunia moja kwa kila kumi kwa kujiridhisha. Wakati wa msimu, Juni hadi Agosti, magari yakiwa yamepanga foleni kutoka Mbozi na Sumbawanga, njia hii ya pili ndiyo inayokuwezesha kupokea magari matatu kwa siku badala ya moja.

Kontena

Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12 hivi na mlango mmoja. Kabla ya kukata lakiri (sili ya mlango), soma namba yake na uilinganishe na karatasi, piga picha. Ukifungua, fungua jani la kulia taratibu huku umesimama nyuma yake. Mzigo hutembea njiani, na milima ya Kitonga na Mlima Nyoka hausamehi mzigo usiofungwa vizuri. Acha mlango wazi angalau nusu saa kabla mtu hajaingia, kwa kuwa makontena ya bidhaa kutoka nje mara nyingi hupuliziwa dawa. Hiyo nusu saa iweke kwenye hesabu, usiikate.

Katoni 1,200 za kilo 20, wawili ndani na pengo la sekunde 6, ni saa mbili. Lakini hiyo ni kama katoni zote ni za bidhaa moja. Zikiwa za aina arobaini zilizochanganywa, kuzitenganisha mlangoni kunaweza kuongeza muda mara mbili, kwa hiyo tenga nafasi iliyoandikwa kwa kila aina na umpe mmoja kazi ya kuita tu: "Sabuni kushoto, mafuta nyuma." Kuanzia mita ya nne kuingia ndani, weka toroli humo humo kontenani au panga vijana kwa mstari wa kupokezana. Kutembea na katoni mkononi kila mmoja kwa njia yake, kwenye upana wa mita 2.35, ni kugongana tu.

Mzigo ukiwa kwenye paleti za mita 1.2 kwa 1.0, futi 40 inabeba 20 hivi. Foklifti haiwezi kuingia ndani bila ngazi ya chuma ya kupandia, kwa kuwa kontena liko juu ya tela. Toroli ya paleti ndani inavuta hadi mlangoni, foklifti inapokea nje. Kwa dakika 4 kila paleti ni saa moja na dakika 20, kwa watu wanne. Ukikodi foklifti, lipia kwa saa, na uhakikishe toroli ya paleti ipo kabla haijafika. Bila toroli foklifti itasimama nje ikikunywea hela.

Mvua

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za huku hupenda kushuka mchana. Na ndiyo miezi ambayo mbolea inakuja kwa wingi. Urea inafyonza unyevu, saruji ikilowa imekwisha. Gari likifika saa 6 mchana mwezi wa Januari, mawingu yameshajaa upande wa Mlima Loleza, usifungue turubai lote. Kunja sehemu ya mbele kidogo kidogo kadiri mifuko inavyotoka, ili kufunika kuchukue dakika mbili. Mvua ikianza, hesabu saa zimesimama. Andika muda ilipoanza na ilipokatika, dereva aone ukiandika. Kama mzigo hautaisha kabla ya giza na stoo haina taa za kutosha mlangoni, ni afadhali gari lilale likiwa limefunikwa kuliko kupanga mifuko gizani.

Kujumlisha

Weka pamoja sasa. Gari kuingia, kurudi nyuma na kusimama sawa: dakika 15. Karatasi, kukagua kamba na turubai, kufungua: dakika 25. Kubeba kwa pengo la sekunde 12 na uchovu wake: saa 2 na dakika 15. Mapumziko matatu ya dakika kumi: nusu saa. Kufagia tela, kulinganisha hesabu, kusaini: nusu saa. Jumla ni saa 3 na dakika 55, karibu saa nne nzima, ambayo ndiyo ya kumwambia dereva aliyeko Chimala anayetaka kujua kama atawahi mzigo wa kurudi, mbao za Mafinga au viazi vya Isyonje.

Hiyo ya mwisho, nusu saa ya kufunga, usiikimbize. Mifuko iliyopasuka itengwe pembeni, ipimwe, na unga uliomwagika ufagiwe na kuwekwa kwenye mfuko wake. Upungufu na uharibifu viandikwe kwenye nakala zote mbili za hati ya kupokea mzigo, ya kwako na ya dereva, kabla ya saini yoyote, na saa ya gari kuingia na kutoka iandikwe hapo hapo chini. Dereva akisema "tutaongea na ofisi, we saini tu," mpe kiti, mpe chai, na muandike kwanza.